Nakisi: Maana na Matumizi ya Neno la Upungufu wa Fedha katika Mazungumzo ya Kila Siku na katika Lugha ya Bajeti

IKISIRI

Makala haya yanafafanua maana na matumizi ya neno nakisi, ambalo katika Kiswahili cha leo hutumika zaidi kutaja upungufu wa fedha katika bajeti za serikali na katika biashara ya nje. Kwa kawaida neno hili hufafanuliwa kwa maneno upungufu na kasoro kana kwamba ni visawe vyake. Hoja kuu ya makala ni kwamba usawe huo hautoshi tena. Katika uga wa fedha, nakisi imekuwa jina la tofauti kati ya kinachoingia na kinachotoka katika hesabu ya mhusika fulani, katika kipindi fulani. Msemaji wa kawaida huitaja tofauti hiyo kwa njia nyingine, hasa kwa vitenzi pungukiwa, ishiwa na pelea, na kwa neno kasoro. Na anapofanya hivyo hueleza nani amepungukiwa na kwa kiasi gani. Lugha rasmi, kwa kutumia nomino peke yake, huweza kuyaacha mambo hayo bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji anayeambiwa kuwa nakisi imepungua huweza kudhani kwamba deni limepungua, ilhali huenda limeongezeka. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza fasili inayoitenga nakisi na maneno jirani yake.

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, katika mwezi wa Juni, bajeti za Tanzania, Kenya na Uganda husomwa kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Nchini Tanzania hotuba hiyo husomwa kwa Kiswahili bungeni Dodoma, na kwa hiyo neno nakisi hutoka katika kinywa cha Waziri wa Fedha mwenyewe. Nchini Kenya hotuba husomwa kwa kawaida kwa Kiingereza, na Kiswahili chake huwa ni kazi ya mwandishi wa habari na mtangazaji. Licha ya tofauti hiyo, pande zote mbili zimefikia neno lilelile. Msikilizaji wa Mbeya na wa Mombasa husikia kwamba kuna nakisi ya bajeti, na kwamba itazibwa kwa mikopo.

Tatizo linaloshughulikiwa hapa ni la kimaana. Neno hili lina umuhimu mkubwa katika maisha ya umma, kwa kuwa kodi, mikopo na kupunguzwa kwa huduma huelezwa kwa kurejelea nakisi. Hata hivyo, ni neno ambalo wasemaji wengi hulisikia bila kulitumia. Dukani, sokoni, ndani ya daladala au katika kikao cha familia, mtu aliyekosa fedha za kutosha hasemi kwamba ana nakisi. Umbali huu kati ya neno la hotuba na maneno ya nyumbani ndio unaohitaji kufafanuliwa: je, ni tofauti ya rejesta tu, au maneno hayo hayasemi jambo moja?

Mkabala uliotumika ni ule wa uga wa maana, unaohusishwa na kazi ya Jost Trier ya mwaka 1931, ambao unashikilia kwamba maana ya neno hujulikana kutokana na mipaka yake na maneno yanayolizunguka. Mifano ya sentensi na ya hesabu ndogo za biashara iliyomo imetungwa kwa lengo la ufafanuzi, kwa kufuata miundo inayosikika katika mazungumzo ya kawaida. Takwimu za serikali na za jumuiya ni zile zilizotangazwa hadharani.

2.0 Asili na Umbo la Neno

Nakisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka katika mzizi wenye maana ya kupungua au kutokamilika. Katika Kiswahili linatumika kama nomino yenye maana ya upungufu, na pia kama kitenzi chenye maana ya kupunguza. Maana hiyo ya awali haikufungamana na fedha. Kitu chochote kisichofikia kipimo chake kiliweza kuelezwa kuwa na nakisi, kiwe ni mizani, hoja au tabia. Kufungamana kwake na hesabu za serikali ni matokeo ya kusinyaa kwa maana: neno lililokuwa pana limebanwa katika uga mmoja, na leo ukilitaja bila maelezo mengine, msikilizaji aliyesoma hufikiria bajeti.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili hakikunakili istilahi ya fedha kutoka Kiarabu cha kisasa. Katika Kiarabu cha leo nakisi ya bajeti hutajwa kwa neno ajz, ambalo maana yake ya msingi ni kushindwa au kukosa uwezo. Mzizi huohuo uliingia katika Kiswahili zamani na kuzaa neno ajizi, lenye maana ya uvivu na ulegevu, kama inavyothibitishwa na methali isemayo kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Hivyo basi, mzungumzaji wa Kiswahili aishiye Oman husikia katika taarifa za habari za Kiarabu neno ambalo kwake linakaribia lawama, huku lugha yake mwenyewe ikitumia neno lisilomlaumu mtu. Nakisi hutaja pengo tu. Haisemi limesababishwa na uzembe, na bahati mbaya, au na uamuzi wa makusudi.

Kimofolojia, nomino nakisi iko katika ngeli ya I-/ZI-: nakisi hii, nakisi hizi. Sifa yake muhimu zaidi ni kwamba haizai nomino ya mtu. Kutokana na ukata kuna mkata. Kutokana na ukwasi kuna mkwasi. Kutokana na ufukara kuna fukara. Na aliyefilisika huitwa muflisi. Hakuna mnakisi. Ukosefu huu haukutokea kwa bahati tu, bali unadokeza mahali neno linapokaa katika uga wake. Ukata, ufukara na ufilisi ni hali zinazomshika mtu hadi akaitwa kwazo. Nakisi ni sifa ya hesabu. Mtu anaweza kuwa nayo katika daftari lake asubuhi na asiwe nayo jioni, bila jina lake wala hadhi yake kubadilika.

3.0 Nakisi Miongoni mwa Maneno Jirani

Maneno yanayochanganywa mara nyingi na nakisi ni manne: hasara, deni, ukata na upungufu. Ili mipaka yake ionekane, tuchukulie mfano wa mama lishe mwenye banda dogo la chakula. Katika wiki ya kwanza ameuza chakula cha shilingi 210,000. Katika wiki hiyohiyo ametumia shilingi 235,000: shilingi 195,000 kwa mchele, unga, mafuta, mkaa na kodi ya banda, na shilingi 40,000 kwa kununua sufuria kubwa mpya. Fedha zilizotoka zimezidi zilizoingia kwa shilingi 25,000. Kiasi hicho ndicho nakisi yake ya wiki.

Je, amepata hasara? La. Gharama za chakula alichouza zilikuwa shilingi 195,000, nacho kimemwingizia shilingi 210,000. Biashara yake ina faida. Sufuria haikupotea; ipo, na itapika kwa miaka. Kwa hiyo inawezekana kuwa na nakisi bila hasara. Kinyume chake pia kinawezekana: mfanyabiashara ambaye bidhaa zake zimeoza ghalani amepata hasara hata kama wiki hiyo mkononi mwake zimeingia fedha nyingi kuliko zilizotoka. Hasara huhusu thamani iliyopotea, ilhali nakisi huhusu ulinganisho wa pande mbili za hesabu.

Je, ana deni? Inategemea alivyoliziba pengo. Kama alikuwa na akiba ya shilingi 25,000 ndani ya kibubu, ana nakisi lakini hana deni. Kama alikopa kiasi hicho katika kikoba cha wanawake wenzake, nakisi ya wiki imezaa deni. Tofauti ya msingi hapa ni ya wakati. Nakisi huanza na kumalizika pamoja na kipindi chake. Wiki mpya hufungua ukurasa mpya. Deni halimalizikii hapo, bali huvuka kutoka wiki moja hadi nyingine na kurundikana mpaka lilipwe. Methali isemayo kwamba dawa ya deni ni kulipa haiwezi kugeuzwa kuwa dawa ya nakisi, kwa sababu nakisi hailipwi. Huzibwa, na njia inayotumika kuiziba inaweza kuzaa deni linalopaswa kulipwa.

Ukata, kwa upande wake, ni hali ya kukosa fedha inayodumu na kumtambulisha mhusika. Mama lishe wa mfano huu si mkata. Hata hivyo, matumizi ya neno ukata yamepanuka. Katika kurasa za michezo za magazeti ya Tanzania, klabu ya mpira iliyoshindwa kulipa mishahara ya wachezaji au gharama za safari huelezwa kuwa inakabiliwa na ukata. Klabu hapo inachukuliwa kama mtu mwenye njaa. Kinyume cha ukata, yaani ukwasi, kimekwenda njia tofauti: mbali na maana yake ya utajiri, kimekuwa istilahi ya kibenki inayotaja fedha taslimu na mali zinazoweza kugeuzwa kuwa fedha kwa haraka. Benki huweza kuwa na rasilimali nyingi na bado ikakosa ukwasi. Jozi ya kale ya mkata na mkwasi, iliyogawanya watu, sasa inatumika pia kueleza taasisi, na kila upande umepata maana mpya ambayo upande mwingine haukuipata.

Upungufu ndilo neno pana kuliko yote. Kuna upungufu wa maji, wa walimu, wa damu na wa dawa. Kila nakisi ni upungufu, lakini si kila upungufu ni nakisi. Hospitali yenye upungufu wa wauguzi haina nakisi ya wauguzi katika Kiswahili cha kawaida. Kwa lugha ya semantiki, upungufu ni neno jumuishi na nakisi ni mojawapo ya maneno yaliyo chini yake. Kulifafanua neno dogo kwa neno kubwa pekee ni sawa na kumfafanua kuku kwa kusema kwamba ni ndege. Si kosa, lakini anayeuliza habaki na kitu cha kumtofautisha kuku na bata.

4.0 Upungufu wa Fedha katika Mazungumzo ya Kila Siku

Kama nakisi haitumiki dukani, kinatumika nini? Jibu la kwanza ni kitenzi. Mteja aliyefika na shilingi 4,500 kununua bidhaa ya shilingi 5,000 husema: "Nimepungukiwa mia tano." Anayesubiri mshahara husema: "Nimeishiwa." Mnyambuliko wa vitenzi hivi unastahili kuangaliwa kwa makini. Vyote viwili viko katika kauli ya kutendewa: pungua, pungukia, pungukiwa, isha, ishia, ishiwa. Kiima cha sentensi ni mtu, lakini mtu huyo si mtendaji. Fedha ndizo zilizopungua na kuisha, naye ndiye aliyefikwa na tukio hilo. Sarufi inamweka mbele ya sentensi bila kumtwika kosa.

Muundo huu una kazi ya kijamii. Kutamka kwamba huna fedha mbele ya muuza duka, mkwe au mgeni ni jambo la aibu, na Kiswahili kina njia nyingi za kuipunguza aibu hiyo. Anayesema "nimepungukiwa" anaeleza tukio la leo. Hajasema kwamba yeye ni fukara. Anayesema "nimekwama" anajifananisha na gari lililonasa katika tope, ambalo likisukumwa litaendelea na safari. Anayesema "hali si nzuri" hajataja fedha kabisa, na msikilizaji mwenye adabu hamuulizi afafanue.

Jibu la pili ni neno linalobeba kipimo. Kitenzi pelea hutumika pale kitu kilichopo kinapokuwa hakitoshi kufikia kiasi kinachotakiwa: "Nauli imepelea mia mbili." Neno kasoro nalo hutumika katika kuhesabu kwa kutaja kinachokosekana: "elfu kumi kasoro mia." Matumizi haya yamezoeleka kiasi kwamba yamekuwa sehemu ya saa, kasorobo si kingine ila kasoro robo. Msemaji wa Kiswahili, kwa hiyo, ana desturi ya muda mrefu ya kuupima upungufu kwa kurejelea ukamilifu. Hatosheki kusema kwamba kitu hakijatimia. Husema kimebakisha kiasi gani kutimia.

Jibu la tatu ni misimu, ambayo hubadilika kwa nchi na kwa rika. Kijana wa Tanzania husema amechacha au amefulia. Wa Kenya husema amesota. Katika miaka ya utawala wa awamu ya tano nchini Tanzania, msemo "vyuma vimekaza" ulienea kueleza ugumu wa kupata fedha uliowagusa watu wengi kwa pamoja. Mkenya hueleza ukosefu wa fedha kabla ya mshahara kwa kusema kwamba mwezi uko kona. Misimu hii inatofautiana na pungukiwa katika jambo moja: haitaji kiasi. Mtu hachachi shilingi mia tano. Kwa kigezo hicho misimu iko karibu na ukata, kwa kuwa hueleza hali, ilhali pungukiwa, pelea na kasoro ziko karibu na nakisi, kwa kuwa hueleza pengo linalopimika.

Kutokana na uchambuzi huu inabainika kwamba dhana ya nakisi si ngeni kwa msemaji wa kawaida. Anayo, na huitumia kila siku kwa usahihi. Sentensi fupi ya "nimepungukiwa mia tano" ina mhusika, ina kiasi, na muktadha wake unaonyesha kinacholinganishwa: bei ya bidhaa kwa upande mmoja na fedha zilizo mkononi kwa upande wa pili. Kilicho kigeni ni nomino, pamoja na uwezo wake wa kusimama bila mambo hayo.

5.0 Nakisi katika Lugha ya Serikali

Katika lugha ya serikali, nakisi hujitokeza katika miktadha miwili mikubwa. Wa kwanza ni nakisi ya bajeti, yaani kiasi ambacho matumizi ya serikali yanazidi mapato yake katika mwaka wa fedha. Wa pili ni nakisi ya biashara, yaani kiasi ambacho thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje inazidi thamani ya zile zinazouzwa nje. Hesabu hiyo ikipanuliwa kujumuisha huduma na mapato mengine, huzungumziwa nakisi ya urari wa malipo ya kawaida. Miktadha hii miwili ina wahusika tofauti. Katika nakisi ya bajeti mhusika ni serikali. Katika nakisi ya biashara mhusika ni nchi nzima, wakiwamo wafanyabiashara binafsi walioagiza magari, mafuta na nguo. Sentensi isemayo tu kwamba "nchi ina nakisi kubwa" haimwezeshi msomaji kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Hata ndani ya nakisi ya bajeti, kiasi hutegemea kinachohesabiwa kuwa mapato. Itifaki ya kuanzisha Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, iliweka sharti kwamba nakisi ya bajeti ya kila nchi mwanachama, ikijumuisha misaada, isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa. Maneno "ikijumuisha misaada" yana uzito. Fedha za misaada zikihesabiwa upande wa mapato, pengo huwa dogo. Zikiondolewa, pengo hupanuka, ingawa hakuna shilingi iliyoongezeka wala kupungua katika hazina. Itifaki hiyohiyo iliweka sharti lingine, kwamba thamani ya sasa ya deni la umma isizidi asilimia 50 ya Pato la Taifa. Kwamba waraka mmoja uliweka mipaka miwili, mmoja wa nakisi na mwingine wa deni, ni ushahidi kwamba katika lugha ya sheria maneno haya si visawe.

Matukio ya Kenya ya mwaka 2024 yanaonyesha uzito wa tofauti hizi. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulikusudia kuongeza mapato ya serikali kwa kodi na ada mpya. Maandamano makubwa, yaliyoongozwa na vijana, yaliupinga. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, na watu waliuawa. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Tarehe 5 Julai alieleza jinsi pengo la shilingi bilioni 346 lililotokana na kuondolewa kwa muswada huo lingeshughulikiwa: matumizi yangepunguzwa kwa shilingi bilioni 177, na shilingi bilioni 169 zingekopwa.

Kwa mtazamo wa semantiki, tangazo hilo lina somo. Pengo la bilioni 346 halikuwa nakisi ya bajeti ya Kenya. Lilikuwa upungufu wa mapato yaliyotarajiwa. Sehemu yake iliyokabiliwa kwa kupunguza matumizi haikuongeza nakisi, kwa sababu pande zote mbili za hesabu zilishuka pamoja. Ni sehemu iliyopangwa kukopwa pekee iliyoongeza nakisi, na baadaye deni. Anayeliita pengo lote nakisi ameunganisha mambo mawili ambayo wananchi huyapata kwa njia tofauti: bilioni 177 huwafikia mwaka huohuo kwa sura ya miradi na huduma zilizopunguzwa, ilhali bilioni 169 huwafikia katika miaka inayofuata kwa sura ya marejesho na riba. Mjadala wa nani abebe mzigo, na lini, hauwezi kufanyika vizuri pale ambapo mizigo hiyo miwili ina jina moja.

6.0 Upungufu Unapopungua

Changamoto ya matumizi iliyo kubwa zaidi hujitokeza neno nakisi linapoambatana na kitenzi pungua. Sentensi "nakisi imepungua" ni sahihi kisarufi na ni ya kawaida katika taarifa za fedha. Lakini kama nakisi ni upungufu, sentensi hiyo humtaka msikilizaji afikirie upungufu uliopungua, yaani kupungua kwa kupungua. Asiyelizoea neno huangukia katika mojawapo ya tafsiri mbili potofu. Ya kwanza ni kuelewa kwamba fedha zimepungua, kwa kuwa kitenzi pungua ndicho anachokitambua. Ya pili ni kuelewa kwamba deni limepungua, kwa kuwa anajua nakisi ni jambo baya linalohusiana na mikopo.

Tafsiri ya pili ndiyo yenye madhara, kwa sababu inaonekana kuwa ya busara. Turejee kwa mama lishe, na tuchukulie kwamba nakisi ya wiki ya kwanza aliiziba kwa kukopa shilingi 25,000 katika kikoba. Katika wiki ya pili ameuza tena chakula cha shilingi 210,000. Hakununua sufuria, lakini bei ya mkaa na mafuta imepanda, na matumizi yake yamefikia shilingi 220,000. Nakisi ya wiki ya pili ni shilingi 10,000, nayo ameiziba kwa kukopa tena. Nakisi imepungua kutoka shilingi 25,000 hadi shilingi 10,000. Deni lake, bila kuhesabu riba, limepanda kutoka shilingi 25,000 hadi shilingi 35,000.

Mfano huu unadhihirisha mambo mawili. Kwanza, nakisi inayozibwa kwa mkopo, hata ikipungua kila mwaka, huongeza deni mradi tu haijafika sifuri. Pili, ukubwa wa nakisi hausemi kila kitu kuhusu afya ya hesabu. Wiki ya kwanza nakisi ilikuwa kubwa, lakini ilitokana na kununua chombo cha kazi na biashara ilikuwa na faida. Wiki ya pili nakisi ni ndogo, lakini gharama za kawaida zimezidi mauzo. Biashara imeingia katika hasara. Taarifa yenye sentensi moja, kwamba nakisi imepungua, ingemfanya msikilizaji aione wiki ya pili kuwa bora. Hakuna uongo katika sentensi hiyo. Kilichokosekana ni maelezo ambayo nomino haikulazimika kuyabeba.

Ni wazi kwamba tatizo hili haliwezi kutatuliwa kwa kulikataa neno. Kulibadilisha kwa pengo hakusaidii sana, kwa kuwa pengo nalo hutumika kwa mambo mengi, yakiwamo meno na nafasi za kazi. Kulibadilisha kwa upungufu ni kurudi kwenye upana uliolifanya lisieleweke. Nakisi ina sifa mbili njema za istilahi: ni fupi, na katika lugha ya leo haina mshindani ndani ya uga wake. Kinachohitajika ni kulirudishia taarifa ambazo pungukiwa na kasoro hazikosi kuzibeba.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba nakisi, ukata, hasara, deni na upungufu ni maneno ya uga mmoja yenye mipaka inayoweza kuelezwa. Ukata ni hali ya mhusika. Hasara ni thamani iliyopotea. Deni ni wajibu unaovuka vipindi. Upungufu ni kutotimia kwa jambo lolote. Nakisi ni tofauti ya pande mbili za hesabu ndani ya kipindi. Imeonyeshwa pia kwamba mazungumzo ya kila siku hayana udhaifu katika dhana hii. Kinyume chake, sarufi ya pungukiwa na desturi ya kasoro huupa upungufu wa fedha mhusika na kipimo, mambo ambayo lugha rasmi huweza kuyaacha.

Kwa upande wa leksikografia, inapendekezwa kwamba kidahizo nakisi kipewe maana mbili zilizotenganishwa. Ya kwanza iwe ile pana ya upungufu au kasoro ya kitu chochote. Ya pili, yenye alama ya uga wa fedha, iwe hivi: kiasi ambacho matumizi au malipo ya mhusika fulani yanazidi mapato yake katika kipindi maalumu. Mfano wa matumizi uwe na vijenzi vyote, kwa namna hii: "Katika mwaka huo wa fedha halmashauri ilikuwa na nakisi ya shilingi milioni 60, iliyozibwa kwa mkopo." Sentensi ya namna hiyo inamtaja mhusika, kipindi, kiasi na njia ya kuziba pengo, na kwa kufanya hivyo inaitenga nakisi na deni bila maelezo marefu.

Kwa upande wa uandishi wa habari na wa taarifa za umma, vijenzi hivyo vinaweza kutumika kama kipimo cha ukamilifu wa sentensi. Kila panapotajwa kwamba nakisi imepungua au imeongezeka, msomaji aelezwe ni nakisi ya nani, ya kipindi kipi, ya kiasi gani, inajumuisha misaada au la, na deni limefikia wapi katika kipindi hichohicho. Mteja aliye mbele ya kaunta hutimiza sehemu kubwa ya masharti haya kwa maneno mawili au matatu. Wizara, benki kuu na vyombo vya habari vina nafasi zaidi ya maneno hayo, na wanaozisikiliza taarifa zao ndio wanaolipa kodi inayoziba nakisi na kurejesha deni linalobaki.